Mjadala: Wapigakura wa India walikosea kumrudisha Indira Gandhi mwaka 1980?

KAGOMA WA KASULU
Wakuu, salaam. Nabishana na shemeji yangu tangu Jumapili na hatujafika popote, nauleta ubishi hapa. Machi 1977 wananchi wa India walimwangusha waziri mkuu wao, Indira Gandhi, tena jimboni kwake Rae Bareli, kwa tofauti ya kura zaidi ya 55,000. Mwanawe Sanjay akaangushwa Amethi. Mama alikuwa ametawala kwa hali ya hatari miezi 21, wapinzani wako ndani, magazeti yamezibwa mdomo. Miaka mitatu haijatimia, Januari 1980, wananchi walewale wakamrudisha na viti 353. Shemeji anasema watu wale hawana kumbukumbu. Mimi nasema mpigakura alijua anachofanya. Nani yuko sahihi?

BI MKUBWA WA MIKINDANI
Wewe uko sahihi, mwambie shemeji apumzike. Alipoingia 1966, baada ya waziri mkuu Shastri kufia Tashkent, India ilikuwa inakula ngano ya meli za Marekani. Wakubwa wa chama walimpa kiti wakidhani wataendesha wao, bungeni akaitwa mwanasesere bubu. Julai 1969 akazifanya benki 14 kuwa mali ya umma, miaka miwili baada ya sisi kufanya hivyo na Azimio la Arusha. Ngano ikaanza kujaa maghalani. Mwaka 1971 wakimbizi wapata milioni kumi wamemwagikia kwake kutoka Pakistan ya Mashariki, Nixon anamletea manowari Ghuba ya Bengal, yeye hakutetereka. Siku 13 za vita, wanajeshi wa Pakistan wapata 93,000 mikononi mwake, Bangladesh ikazaliwa. Mtu wa namna hiyo hasahauliki kwa kosa moja.

WAKILI BILA JOHO
Shikamoo Bibi, lakini kosa moja lipi? Juni 12, 1975, Jaji Sinha wa Mahakama Kuu ya Allahabad alibatilisha ubunge wake kwa sababu alitumia mtumishi wa serikali na nyenzo za serikali kwenye kampeni, akamzuia kushika wadhifa wa kuchaguliwa kwa miaka sita. Badala ya kung'atuka akamwendea Rais usiku wa tarehe 25, karatasi ikasainiwa, na usiku uleule umeme wa magazeti ya Delhi ukakatwa. Waliowekwa ndani walizidi laki moja. Aprili 1976 Mahakama ya Juu ikasema, majaji wanne kwa mmoja, kwamba aliyefungwa hana hata haki ya kuuliza mahakamani kwa nini amefungwa. Aliyepinga, Jaji Khanna, akarukwa kwenye ujaji mkuu, akajiuzulu. Huwezi kusifia uji wa gerezani kama hujawahi kulala gerezani.

BI MKUBWA WA MIKINDANI
Marahaba. Sasa nisikilize vizuri, mwanangu. Wewe umesoma hayo, mimi nimeyaishi. Kaka yangu mkubwa alichukuliwa saa nane za usiku, miaka sheria yetu ya kizuizini ya 1962 ilipokuwa bado mbichi, na watu ambao sitawataja. Miezi saba mama yangu anapeleka nguo mlangoni na kurudishwa nazo. Kwa hiyo usije hapa kuniambia habari za kulala ndani. Najua ukubwa wa jambo lile, na bado nasema aliyeshindwa kulisha watoto hana serikali ya kujivunia.

WAKILI BILA JOHO
Pole sana, Bibi. Sikujua, na neno lile nalifuta. Hoja yangu siifuti. Mama yako pale mlangoni alihitaji jaji mmoja tu wa kumwuliza mlinzi, "kwa nini?" Ndicho Khanna alichokuwa anadai.

DEREVA WA ROMBO
Kinachoniuma mimi ni baba yake. Mahatma Gandhi kafunga kula, kavaa shuka, kafa kwa risasi kwa ajili ya amani, halafu binti anakuja kufunga watu.

KIPEPEO WA NGAMIANI
Kaka Dereva, si binti yake! Baba yake ni Jawaharlal Nehru, waziri mkuu wa kwanza. Jina Gandhi kalipata kwa mume, Feroze Gandhi, Mparsi, wameoana 1942. Hana undugu na Mahatma.

DEREVA WA ROMBO
Nimefundishwa hivyo darasani, na mwalimu alikuwa mtu makini. Kwa nini basi familia nzima inatumia jina hilo mpaka leo kama si urithi?

KIPEPEO WA NGAMIANI
Kwa sababu mtoto huchukua jina la baba. Rajiv na Sanjay ni watoto wa Feroze. Jina likawasaidia kwenye kura? Bila shaka liliwasaidia, wewe mwenyewe ni ushahidi, uko Rombo na umeamini. Na huyo Feroze mumchunguze, alikuwa mbunge wa Rae Bareli kabla ya mkewe na aliwahi kuibana serikali ya mkwewe bungeni kwa ufisadi.

KAGOMA WA KASULU
Jamani, 1980.

MZEE WA KIAMBU
Nirudi huko. Sisi tuliokulia Kenya ya imajensi ya 1952 tunajua neno hilo linanuka vipi. Na tukumbuke Nehru huyohuyo ndiye aliyemruhusu wakili Chaman Lall kuja Kapenguria kumtetea Kenyatta. Baba anapeleka wakili kwa wafungwa wa imajensi ya Mwingereza, binti anatangaza imajensi yake. Lakini kilichomwangusha 1977 hakikuwa magazeti. Kilikuwa kufunga kizazi. Mwaka wa 1976 hadi 77 watu zaidi ya milioni nane walifungwa kizazi, wengi wao wanaume. Mwalimu wa shule anaambiwa alete idadi fulani ya watu la sivyo mshahara unazuiwa. Huko Uttawar, Haryana, polisi walizingira kijiji kizima usiku wakabeba wanaume.

BI MKUBWA WA MIKINDANI
Hilo ni la Sanjay, ambaye hakuwa hata mbunge wakati ule.

MZEE WA KIAMBU
Mama, ndilo linalonikera zaidi. Kama hakuwa na cheo, nani alimpa kisu? Mtoto akichoma nyumba ya jirani, jirani huja kwa mzazi.

DEREVA WA ROMBO
Wengine walipewa redio na pesa, walikwenda wenyewe.

MZEE WA KIAMBU
Dereva, mtu mwenye njaa ukimpa redio mkono mmoja na mkono wa pili umeshika kadi yake ya chakula, usiniambie kaenda mwenyewe. Wewe ungekwenda?

DEREVA WA ROMBO
Nisingekwenda. Sawa.

KIPEPEO WA NGAMIANI
Sasa tazameni ramani ya kura 1977, shemeji atapata jibu lake. Uttar Pradesh ilikuwa na viti 85, Congress, chama cha Indira, ikapata sifuri. Bihar, sifuri. Kule kusini, Andhra Pradesh, ikachukua 41 kati ya 42. Kaskazini ndiko visu na tingatinga vilikopita, pamoja na Turkman Gate pale Delhi walipobomolewa nyumba na kupigwa risasi. Kusini hawakuonja kiasi hicho. Kwa hiyo watu hawakupigia kura nadharia ya uhuru wala nadharia ya ngano. Walipigia kura kilichofika mlangoni. Na 1980 kilichofika mlangoni kilikuwa bei ya kitunguu! Wale wazee wa Janata, chama kilichomwangusha 1977, Desai na Charan Singh, walikuwa wanagombea kiti, huku mama wa nyumbani hawezi kununua kitunguu. Charan Singh alikuwa waziri mkuu hata bila kulikabili bunge. Indira akakishika kitunguu kwenye kampeni, akarudi. Hata Rae Bareli walimrudisha.

WAKILI BILA JOHO
Kwa hiyo Jaji Khanna alipoteza kazi, bei yake kilo ya vitunguu.

KIPEPEO WA NGAMIANI
Usiwadharau wanaopika, Wakili. Na Janata walikuwa wameshafanya la maana: marekebisho ya katiba ya 1978, kwamba hali ya hatari haitangazwi tena kwa kisingizio cha "fujo za ndani", mpaka kuwe na uasi wa silaha. Mlango ulishatiwa komeo kabla hajarudi. Mpigakura alimrudisha mtu yule ndani ya nyumba yenye komeo. Hapo ndipo namwona ana akili kuliko sisi.

SUFII WA KIBOKONI
Mwenyezi Mungu awape subira waliofiwa wote. Mimi nimesoma kimya, nakumbuka tu Oktoba 31, 1984. Tulikuwa barazani Mombasa, redio ikasema ameuawa na walinzi wake bustanini kwake. Baba yangu akasema neno moja: mti mkuu ukigwa, wana wa ndege huyumba. Na kweli waliyumba, nchi ikawaka moto.

FUNDI WA KIBUYE
Ndugu Sufii, sina ugomvi nawe, lakini neno hilo limenichoma. Mimi ndiye yule mnayemwita Kalasinga. Babu yangu alikuja na reli, mimi nimezaliwa Kisumu, natengeneza pampu za maji Kibuye. Shangazi yangu aliolewa Delhi, mtaa wa Trilokpuri. Walioua ni watu wawili, Beant Singh na Satwant Singh. Walioadhibiwa ni Masingasinga wote wa mji. Umati ulikuja na orodha za wapigakura kujua nyumba ya nani ina kilemba. Hesabu ya serikali kwa Delhi peke yake ni waliokufa 2,733. Mume wa shangazi yumo humo. Halafu Novemba 19 Rajiv, mwanawe aliyemrithi uwaziri mkuu, akasimama mbele ya watu akasema mti mkubwa ukianguka, ardhi hutikisika. Ndiyo maana methali hiyo siwezi kuisikia.

DEREVA WA ROMBO
Pole Fundi. Lakini na mlinzi anayemwua anayemlinda? Hiyo ni khiyana kubwa. Ndiyo maana watu walipandwa na hasira.

FUNDI WA KIBUYE
Ni khiyana, na gurudwara, hekalu letu Masingasinga, haikunifundisha vingine. Lakini ulizia pia Juni ya mwaka ule. Alipeleka vifaru ndani ya Hekalu la Dhahabu, Amritsar, hekalu letu kuu, kumtoa Bhindranwale, kiongozi wa Masingasinga wenye silaha, siku za sikukuu, mahujaji wamejaa. Nikikwambia hilo si kuhalalisha risasi. Nakwambia kwa sababu hakuna anayelitaja kabla ya kulaani. Na wewe dereva, umewahi kupita gurudwara ya Makindu?

DEREVA WA ROMBO
Kila wiki nikishusha mzigo Mombasa. Nakula pale, dengu na chapati, hakuna anayeniuliza dini wala pesa.

FUNDI WA KIBUYE
Basi umekula na mimi.

SUFII WA KIBOKONI
Fundi, ndugu yangu, niwie radhi. Ila nimtetee marehemu baba. Methali yetu haifanani na maneno ya yule kijana. Yeye alitaja mti na ardhi, watu hawamo. Yetu inataja wana wa ndege, makinda wasio na kosa waliokuwa kwenye matawi. Jicho la methali liko kwao. Shangazi yako ndiye mwana wa ndege.

FUNDI WA KIBUYE
Hapo nimekuelewa. Nitamwambia mama, yeye Kiswahili chake ni kikubwa kuliko changu.

WAKILI BILA JOHO
Kwa rekodi tu: Sajjan Kumar, mwanasiasa wa Congress, alihukumiwa kifungo cha maisha na Mahakama Kuu ya Delhi kwa mauaji yale Desemba 2018, miaka 34 baadaye.

FUNDI WA KIBUYE
Shangazi hakuiona siku hiyo.

KAGOMA WA KASULU
Shemeji amesoma yote, hoja ya kitunguu ameikubali. Lakini sasa ameniuliza lingine na sina jibu. Desemba 1984, wiki chache baada ya Trilokpuri, wapigakura hao hao walimpa Rajiv zaidi ya viti 400, ushindi ambao hata mama yake na babu yake hawakuwahi kuupata. Hapo walipigia kura nini?

FUNDI WA KIBUYE
Wa 1980 mimi siwalaumu. Hao wa Desemba ndio ninaowauliza, miaka yote hii.