Ukoo wa Mghoshi: arobaini ni Jumamosi na pampu imegoma

Kaka Mkubwa (msimamizi): Assalaam alaykum wana ukoo. Arobaini ya Mzee ni Jumamosi hii nyumbani Lushoto, kisomo baada ya adhuhuri. Shekhe ameomba wasifu wa marehemu, ukurasa mmoja tu. Mwenye lake la kukumbuka aliandike hapa, mimi nitachuja. Habari za michango zibaki kule kwenye kikundi kingine tafadhali.

Mama Mdogo Dar: Waalaykum salaam. Ukurasa mmoja? Labda uandike alizaliwa, akaoa, akafariki. Yule mtu haenei kwenye karatasi moja 😂

Mjukuu (niko kwa Bibi): Shikamooni wote. Samahani nawakatisha. Bibi anasema maji hayapandi tangu juzi. Pampu aliyoitengeneza Babu inagonga kwa nguvu mpaka bomba linatikisika, ila tangi ni kavu. Tunachota bondeni.

Baba Mdogo Mombo: Si nilileta fundi wiki iliyopita?

Mjukuu: Alikuja. Akasema inavuja, akaziba, akachukua hela yake akaondoka.

Shangazi Dodoma: Aliziba WAPI

Mjukuu: Kuna tundu dogo pembeni, chini ya mtungi. Lilikuwa linatema maji kila pampu ikipiga. Kaweka gundi ya chuma.

Shangazi Dodoma: Ya Rabi. Amemziba mtu pua.

Baba Mdogo Mombo: Dada, tundu linalotoa maji si linavuja? Mimi mwenyewe ningeliziba.

Shangazi Dodoma: Ndiyo maana Mzee alikuwa hakuruhusu usogee kule. Sikilizeni, naandika mara moja tu, nina kazi ya geti la watu. Maji yanashuka kwenye bomba la chuma na kutokea kwenye valvu ya nje. Yakishakuwa na kasi, ile valvu inajifunga ghafla. Maji yaliyokuwa mbioni hayana pa kwenda, yanasukuma valvu ya ndani na kuingia mtungini. Mtungini kuna hewa. Inabanwa, halafu nayo inayasukuma maji kupanda huko nyumbani. Kisha valvu ya nje inafunguka yenyewe na mambo yanaanza upya, usiku na mchana, hakuna dizeli hakuna umeme. Sasa ile hewa huliwa na maji kidogo kidogo. Tundu ndilo linaloirudisha, kila mpigo ukiisha linavuta hewa kiasi. Ukiliziba, mtungi wote unajaa maji, inabaki chuma kugongana na chuma. Hapo ndipo mlipo.

Mama Mdogo Dar: Kaka Mkubwa, huo ni wasifu tayari.

Binamu Arusha: Kumbe! Chuoni tulifundishwa kwamba aliyeibuni ni Mfaransa, Montgolfier, 1796. Yule yule wa puto la hewa ya moto.

Mama Mdogo Dar: Mwambie Bibi hivyo Jumamosi, uone kama utapewa pilau.

Shangazi Dodoma: Mzee hakudai kaibuni yeye. Aliiona moja kwenye shamba la chai, akakaa karibu nayo kutwa nzima anaisikiliza. Lakini ya kwetu hakuna kitu cha dukani. Ule mtungi ni wa kuzimia moto. Valvu ni mpira wa tairi na boliti ya lori. Akitaka ipige polepole anaongeza nati kwenye boliti iwe nzito, akitaka ikimbie anapunguza. Huo ni ubunifu, sijali nani alitangulia Ulaya.

Kaka Mkubwa: Tuandike "alibuni" au "alitengeneza"?

Shangazi Dodoma: Andika zote mbili. Mjukuu, umepata karatasi? Panda juu kwenye chanzo, funga koki. Rudi, achia bomba la kupandisha ili mtungi umwage maji yote, usikie hewa inaingia. Kwangua ile gundi. Tafuta waya mwembamba upitishe tunduni. Usitoboe kwa msumari! Tundu likiwa kubwa ni hasara nyingine. Kisha rudisha kila kitu, fungua koki, kanyaga ile boliti kwa mguu mara kadhaa mpaka ianze kupiga yenyewe.

Mjukuu: Sawa shangazi, naenda.

Babu Mdogo Korogwe: Mmenikumbusha mbali. Mimi ndiye niliyebaki kati ya ndugu wa Mzee, acheni niseme. Kaka aliteremka huku kwenye mkonge akiwa kijana. Wenzake walipelekwa kukata majani, yeye kwa ule wembamba wake akawekwa kwenye korona kufagia makapi. Ile mashine inameza jani inatoa singa, kelele yake huwezi kumsikia mwenzako. Yeye alikuwa anafagia huku shingo imegeukia gia. Mashamba yalipotaifishwa mwaka 1967 mafundi wa kigeni wakaanza kuondoka, siku moja korona ikasimama, msimamizi anazunguka anatukana. Mfagiaji akasema mimi najua. Walimcheka. Jioni ilikuwa inanguruma. Kesho yake akapewa spana.

Babu Mdogo Korogwe: Kisha zikaja kamba za nailoni, bei ya mkonge ikaanguka, mashamba yakawa pori. Kaka akapanda mlimani na lile sanduku lake jekundu na mke na watoto. Hakuwa na kiinua mgongo cha maana.

Mama Mdogo Dar: Sanduku jekundu! Ole wako uguse.

Mama Mdogo Dar: Mimi nakumbuka ile miaka baada ya Vita vya Kagera, madukani hakuna kitu. Watu foleni, nyumbani kwetu moshi. Baba anachemsha mafuta ya ng'ombe na maji ya jivu la maganda ya ndizi, eti sabuni. Ilitakatisha kweli, ila shuleni nilikuwa nanukia supu. Na katambuga alizonikatia kwenye tairi, niliingia nazo kidato cha kwanza mpaka nikamwachia mdogo wangu. Hazikuisha. Naapa zipo mpaka leo mahali fulani.

Baba Mdogo Mombo: Zipo bandani 😂

Mwalimu Mstaafu (jirani): Nami jirani naomba nafasi. Kengele ya shule yetu, ile rimu ya lori, aliitundika yeye. Akija kuchomelea madawati lazima apite darasani awasimulie watoto habari ya Erasto Mpemba, kwamba mwaka 1963 mwanafunzi wa Magamba, hapa hapa wilayani kwetu, alitia maziwa ya moto kwenye friza yakaganda kabla ya yale ya wenzake yaliyopoa. Alipouliza sababu alichekwa. Mwaka 1969 jambo lake likachapishwa kwenye jarida la fizikia, yeye na Dk. Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mzee alikuwa anamalizia kwa kunitazama mimi: "Mtoto akiuliza, Mwalimu, chungulia friza kwanza." Mbele ya wanafunzi wangu!

Binamu Arusha: Hahaha Babu bwana.

Kaka Mkubwa: Tuseme ukweli wote. Kile kitotoleshi cha mayai nacho tukiweke?

Mama Mdogo Dar: Usithubutu.

Kaka Mkubwa: Sanduku la mbao, koroboi chini, mayai ya Bibi yote ndani. Alikuwa anaamka usiku kuyageuza. Usiku mmoja usingizi ukamshinda, banda likashika moto. Tuliokoa sanduku jekundu, mayai tukayala yameshaiva.

Mjukuu: Nimerudi. Bibi ananiamuru niandike, hizi ni zake: "Waambie hakuniomba radhi kwa mdomo. Alinijengea banda jipya la kuku kabla hajalijenga lake la kazi. Mvua zote za masika alifanyia kazi chini ya mti."

Shangazi Dodoma: Ndiyo zake hizo. Mnajua kwa nini aliweka pampu? Mama alikuwa na mimba ya mdogo wetu wa mwisho, akateleza na ndoo kwenye ule mteremko. Hakuumia sana. Baba hakusema neno. Asubuhi akaniita, akanipa ncha moja ya mpira wa maji, ule wa mafundi wa kupima levo, tukapima mteremko wote kutoka mtoni mpaka mlangoni. Mimi mtoto wa darasa la nne. Akaniambia katika ndoo kumi zitakazopita kwenye mashine, moja ndiyo itapanda, tisa zitarudi mtoni. Nikasema baba, mbona hasara? Akasema tisa hazimchoshi mama yako.

Mama Mdogo Dar: 😭 hii iingie.

Shangazi Dodoma: Na wazee walipomwambia msichana hashiki mashine ya kuchomelea, alininunulia miwani ya kiza kabla hajamnunulia Kaka Mkubwa. Hiyo nayo iingie, msimamizi usiichuje.

Kaka Mkubwa: Sichuji. Iliniuma lakini sichuji.

Mjukuu: INAPIGA. Ta, ta, ta, polepole kama zamani. Maji yameanza kudondoka kwenye tangi. Bibi anauliza yule fundi atarudisha hela lini.

Baba Mdogo Mombo: Nitamtafuta.

Mjukuu: Jambo jingine. Nilipokuwa natafuta waya kwenye sanduku jekundu nimekuta daftari la madeni. Wengi kawaandikia kalipwa maharage, kalipwa mapeasi. Wengine hamna kitu.

Kaka Mkubwa: Hilo ni jambo la warithi wote. Nashauri tuwasamehe wote, Shekhe atangaze Jumamosi. Mnasemaje?

Shangazi Dodoma: Nimesamehe.

Mama Mdogo Dar: Mimi pia. Bibi je?

Mjukuu: Bibi anasema amesamehe majirani. Wa ndani ya nyumba hajasamehe.

Baba Mdogo Mombo: Wa ndani ya nyumba nani?

Mjukuu: Ukurasa wa 1998. "Baiskeli ya mdogo, fremu na uma, atalipa akivuna." Hakuna kilichoandikwa mbele yake.

Mama Mdogo Dar: Hujavuna tu kaka? 😂😂

Baba Mdogo Mombo: Ile baiskeli ilikuwa zawadi!

Babu Mdogo Korogwe: Haikuwa zawadi. Nilikuwepo.

Baba Mdogo Mombo: Haya jamani. Nitaleta mbuzi wa arobaini, daftari lifungwe.

Mjukuu: Bibi anasema awe dume, afike Ijumaa kabla ya magharibi, na usimpakie juu ya mizigo ya kabichi kama yule wa mwaka jana.