Kapeana mkono na mwenzake, ila kinyongo hakijatoka

Swali: Wadau, kuna wavuvi wawili wa dagaa Igombe, Mwanza, walichangia injini ya mtumbwi, mmoja akala hela ya mwenzake. Wazee wakawakalisha, wakapeana mikono, aliyedhulumiwa akatamka "yameisha". Sasa akiisikia tu sauti ya jamaa mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga, kifua kinabana. Je, alisamehe au alizuga?

Jibu 1: Hakuzuga. Mwanasaikolojia Everett Worthington anatenganisha msamaha wa uamuzi na msamaha wa hisia. Kuamua kuacha kisasi kunawezekana palepale kikaoni. Hisia huchelewa, pengine miezi. Kubana kifua nako si unafiki. Mwaka 2001, Charlotte Witvliet na wenzake waliwapima watu wakiwaza waliowakosea: walipokumbatia kinyongo, mapigo ya moyo na presha vilipanda zaidi kuliko walipowaza kusamehe. Kukumbuka tu kunatosha kuuwasha mwili.

Jibu 2: Naongezea la kufanya. Aandike, dakika 15 hadi 20 kwa siku, siku nne mfululizo, karatasi asimwonyeshe mtu. Siku ya kwanza amwage yote, matusi yakiwemo. Wengi huharibu hapa: siku ya pili wanarudia matusi yaleyale, na huko ni kutonesha kidonda. Kuanzia ya pili ajiandike kama mtu mwingine: "Fulani aliumia kwa sababu…" Hasira hupungua makali ukijitazama kwa mbali. Ya tatu aandike upande wa mwenzake: alibanwa na nini? Deni la mafuta? Mbalamwezi, mitumbwi ikiwa imepaki kwa kuwa dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza? Kumwelewa si kumpa haki. Ya nne aandike anachokiachilia na anachoendelea kukidai.

Jibu 3: Hapo kwenye kudai ndipo wazee wetu wanapokosea, wanaharakisha mikono kabla ya hesabu. Kusamehe hakufuti deni. Kiasi, awamu na tarehe viandikwe, mashahidi wasaini, nakala ibaki kwa mwenyekiti wa mtaa. Kikao kiwekwe mbalamwezi, wote wakiwa nchi kavu na wamelala vya kutosha. Wala halazimiki kushirikiana naye tena injini. Ila kifua kikibana hata jamaa akiwa hayupo, aende hospitali kwanza apimwe moyo na presha, msimwambie ni hasira tu.

Muuliza swali: Shukrani wakuu. Wakikutana mwaloni kabla ya hicho kikao?

Jibu 2: Amsalimie, apite. Habari ya hela asiianzishe mbele ya wachuuzi, mwenzake atajitetea kwa aibu na mtarudi mwanzo.