Nywele kwenye spora za Bacillus cereus: zimejengwaje?

Mwl_Lushoto:
Wadau, naombeni msaada. Nafundisha baiolojia kidato cha sita, na kwa miaka 9 nimekuwa nikichora spora ya bakteria (umbo lake gumu la kujilinda, likiwa limelala) ubaoni kama yai: kiini, gamba, basi. Juzi nimewaonyesha wanafunzi picha ya hadubini ya elektroni ya spora za Bacillus cereus, msichana wa dawati la mbele akauliza, "Mwalimu, mbona ina nywele?" Kweli zipo, nyingine ndefu kuliko spora yenyewe. Nilimwahidi jibu Jumatatu. Ni nini hizi?

Juma_K:
Si flagela hizo, mikia ya kuogelea?

BintiProtini:
Hapana Juma, spora imelala, haiogelei. Mwalimu, mpe huyo binti hongera zangu, maana hizo nywele ndizo nilizozipenda kuliko kitu chochote nilichosoma chuoni. Zinaitwa Ena. Zilionekana tangu miaka ya 1960, lakini hakuna aliyejua zimetengenezwa na protini gani. Kisa ni ugumu wake. Ukitaka kuitambua protini kwa kawaida unaikatakata kwa vimeng'enya kisha unapima vipande. Hizi hazikatiki. Zichemshe kwenye sabuni kali ya maabara, ziloweke kwenye urea, bado nzima!

Mwaka 2021 watafiti wa Ubelgiji na Norwei walipita mlango mwingine. Walizigandisha ghafla, wakazipiga picha nyingi kwa hadubini ya elektroni ya baridi kali, wakapata umbo lililo wazi kiasi cha kukisia asidi amino, yaani vijenzi vya protini, moja baada ya nyingine. Mfuatano huo wakautafuta kwenye jenomu (seti nzima ya jeni) ya bakteria, wakazikuta jeni zake, ambazo kazi yake ilikuwa haijulikani. Yaani jina limesomwa kutoka kwenye umbo. Kila nikilifikiria hili nasisimka.

Mwl_Lushoto:
Ahsante sana dada. Na huo ugumu unatoka wapi?

BintiProtini:
Fikiria paa la makuti. Vipande vya protini vimejipanga kwa mzunguko kama ngazi ya konokono, zaidi kidogo ya 11 kila mzunguko. Kila kipande kina mkia unaoshuka hadi safu ya chini na kufungwa kwa vipande viwili vya huko. Fundo lenyewe ni bondi ya salfa kwa salfa, kati ya sisteini na sisteini, ambayo ni asidi amino yenye salfa. Baina ya safu na safu kuna nafasi inayopitiwa na mikia tu, ndiyo maana uzi unapinda bila kukatika. Hiyo ni aina ya S, inayochomoza kutoka kwenye gamba la spora. Ipo pia aina ya L, nyembamba zaidi, pete juu ya pete, inayotoka kwenye tabaka la nje kabisa. Hiyo L husaidia spora kunasana.

Mama_Nasra:
Samahani, mimi ni mama lishe. Ndiyo hao wadudu wa kiporo cha wali?

BintiProtini:
Ndio hao, mama. Spora zake hustahimili kuchemshwa. Wali ukikaa nje usiku kucha zinaamka, zinazaana, na sumu yake ya kutapisha haifi hata ukipasha moto upya. Ukibaki, utandaze upoe haraka, kisha uweke kwenye friji.