Naomba ufafanuzi wa maneno ya watelezaji wa mawimbi kabla ya Jumatatu

Kijana wa Uyole: Wakuu, nawasalimu kutoka Mbeya. Nimepata nafasi katika hoteli moja ya ufukweni, ya kuwahudumia wageni wanaokuja kuteleza juu ya mawimbi, na Jumatatu meneja atanipigia simu kwa usaili wa mwisho. Katika ujumbe wake ameuliza kama mimi ni gufi au regula, na kama ninaelewa ubaya wa dropu-ini. Maneno hayo ni mageni kwangu, nami sitaki kuonekana mbumbumbu. Naombeni msaada.

Mama Parachichi: Hongera, mwanangu. Hata hivyo, badala ya kufuata mawimbi, ungepanda parachichi, maana huku Rungwe wanunuzi wanatufuata hadi shambani. Shemeji yangu alikwenda pwani kutafuta kazi ya hoteli, akarudi na kofia.

Mstaafu wa Iringa: Niliwahi kufanya kazi ya jikoni huko Jeffreys Bay, Afrika Kusini, ambako watu huamka alfajiri kwa ajili ya mawimbi tu, kwa hiyo nitakujibu ulichouliza. Gufi husimama juu ya ubao akitanguliza mguu wa kulia, na regula hutanguliza wa kushoto. Mwombe mtu akusukume mgongoni bila kukuonya. Mguu utakaotangulia kukuzuia usianguke, mara nyingi ndio wa mbele. Dropu-ini ni kuingia katika wimbi ambalo tayari lina mwenyewe, yaani yule aliye karibu zaidi na mahali linapoanzia kuvunjika, na ni kosa linaloweza kuzua ugomvi kwa sababu mnaweza kugongana. Kamba inayofunga kifundo cha mguu na ubao huitwa lishi. Waksi, yaani nta ya kuzuia miguu isiteleze, hupakwa upande wa juu wa ubao, pale unaposimama, si chini. Upepo unaopendwa ni ule utokao nchi kavu, kwa kuwa hulisimamisha wimbi likavunjika taratibu, ilhali ule wa kutoka baharini hulivuruga. Sasa nami nikuulize: kuogelea unajua?

Kijana wa Uyole: Ubarikiwe sana, mkuu. Kuhusu swali lako, nafasi yenyewe ni ya uratibu zaidi.

Mstaafu wa Iringa: Sikuuliza habari za uratibu.

Kijana wa Uyole: Sijui kuogelea. Lakini naomba nieleweke: pikipiki yangu nimekwisha kuiuza, nauli ya basi nimelipa, na tangazo halikutaja kuogelea, bali lilitaka mtu mwenye uzoefu wa mawimbi, nami nilikaa Matema, kando ya Ziwa Nyasa, kwa mjomba wangu, nikawa nayaona kila asubuhi. Isitoshe, ubao unaelea, nami nitakuwa nimefungwa kwa lishi.

Mstaafu wa Iringa: Lishi hukatika, kijana, tena hukatika wimbi linapokuwa kubwa.

Mtu wa Kyela: Huko Matema alikuwa anayatazama tu. Mwera ukivuma kutoka kusini, hulisukuma wimbi juu ya ziwa lenye urefu wa zaidi ya kilomita 500 kabla halijatufikia sisi wa kaskazini. Utotoni tulikuwa tunalilalia kwa vipande vya mitumbwi mibovu, likatumwaga mchangani tukiwa na mchanga hadi masikioni, na hatukujua kwamba huo ni mchezo ambao siku moja ungeingia katika Olimpiki ya Tokyo.

Mchunguzi wa Makambako: Samahani, wakuu, nadhani tunachezewa. Ni meneja gani anayeuliza habari za gufi akasahau kuuliza kuogelea? Nashuku mleta uzi ni mwanafunzi aliyepewa kazi ya kukusanya msamiati, akajivika dhiki ili tumfanyie bure. Kama ni mkweli, atuambie aliposukumwa ulitangulia mguu upi.

Kijana wa Uyole: Mdogo wangu amenisukuma hapa uani nikiwa nimeinamia beseni la vyombo, ukatangulia wa kulia, ndani ya beseni. Mimi ni gufi.

Mchunguzi wa Makambako: Hata mtunga hadithi ana mguu wa kulia.

Mstaafu wa Iringa: Awe mkweli au mtunzi, wapo wengine wanaosoma. Mpigie meneja kabla hajakupigia, umweleze hali yako, uombe kazi ya nchi kavu: kukodisha mbao, kuzipaka waksi, kuziba nyufa. Mgeni akichukuliwa na mkondo unaorudi baharini, anatakiwa kuogelea sambamba na ufukwe hadi autoke. Wewe utamfuata kwa nini, kwa uratibu?

Kijana wa Uyole: Nimekuelewa, mkuu, ila nauli hairudishwi.

Mtu wa Kyela: Basi teremka Matema Jumamosi asubuhi, kabla upepo haujaamka. Tutaanzia maji ya kiunoni, na ubao uuache kwanza.

Mama Parachichi: Pikipiki yenyewe iliuzwa shilingi ngapi? Kuna kijana wangu hapa Tukuyu anatafuta.