Naomba ushauri: Bills wametolewa tena na Chiefs, mwanangu ametupa jezi

Baba_wa_Buffalo

Wakuu, habari zenu. Wengine mtaliona dogo, lakini mimi usingizi umekata, kwa hiyo naomba mnisome hadi mwisho.

Naishi Buffalo, jimbo la New York, mwaka wa tisa huu. Nilikulia kambi ya Nyarugusu, Kigoma, na mwanangu wa kwanza alizaliwa hukohuko. Tulifika huku akiwa na miaka miwili, sasa ana 11.

Jumapili tarehe 26 Januari 2025 tulikaa mbele ya televisheni kuangalia Bills, timu yetu ya Buffalo ya futiboli ya Kimarekani, wakicheza na Chiefs kwao Kansas City, mshindi aende Super Bowl, yaani fainali ya ligi. Tumefungwa 32–29. Ndani ya miaka mitano hii ni mara ya nne Chiefs wanatutoa kwenye mtoano.

Kilichoniuma ni robo ya nne. Tunaongoza 22–21, jaribio la nne na la mwisho, tunadai kipande cha yadi tu, tukikikosa mpira unakuwa wao. Josh Allen, mrushaji wetu anayeongoza mashambulizi, akaukumbatia mpira akajitosa kwenye lundo la watu. Waamuzi wakasema hajafika, wakaangalia marudio, uamuzi ukabaki vilevile. Mwanangu alikuwa amepiga magoti mbele ya kioo, kidole kimegusa pale mpira ulipo: "Baba, amefika. Ona, amefika." Chiefs wakauchukua mpira, wakaenda kufunga. Tukasawazisha 29–29, wakapiga mkwaju wa pointi tatu. Zimebaki kama dakika mbili, Allen kabanwa, akaurusha huku anarudi nyuma, mwenzake Dalton Kincaid akajirusha kuudaka, ukamtoka mikononi.

Mtoto hakulia. Alivua jezi yake namba 17, ile ya Allen, akaenda jikoni akaitumbukiza kwenye pipa la taka. Niliitoa usiku ikiwa na mchuzi wa maharage kifuani. Asubuhi akaniuliza: "Baba, kwa nini ulinichagulia timu ya kushindwa?"

Sikuwa na jibu. Na kweli ni mimi niliyemchagulia.

Januari 2024 theluji ilifunika uwanja kule Orchard Park hadi mechi na Steelers ikasogezwa kutoka Jumapili hadi Jumatatu. Timu ikaita watu waje kuzoa theluji, dola 20 kwa saa. Nilienda kwa ajili ya hela, sikuwa hata najua sheria za mchezo. Pembeni yangu alikuwa mzee mmoja Mzungu, kofia imeganda barafu. Hakuniuliza natoka nchi gani, swali ambalo huku naulizwa kila siku. Aliniuliza, "Unaonaje, tutashinda?" Yaani sisi, mimi na yeye. Tulishinda 31–17, na wiki hiyohiyo nikanunua jezi mbili.

Sasa naomba ushauri wenu. Nimwache aachane nayo? Au nakosea kumfundisha mtoto kupenda kitu kinachomwumiza kila Januari?

Mwananchi_Jangwani

Pole sana mkuu. Huo mchezo wa kubeba mpira mikononi siujui, ila maumivu nayajua. Mwaka 2023 Yanga tulicheza fainali ya Kombe la Shirikisho na USM Alger. Kwa Mkapa tukafungwa 2–1, tukaenda Algiers tukashinda 1–0. Jumla 2–2, kombe wakachukua wao kwa bao la ugenini. Umeshinda kwao na bado unarudi mikono mitupu! Nilikaa siku tatu sitaki kusikia redio.

Kitu kimoja tu: usimwambie "ni mchezo tu". Mimi niliambiwa hivyo na shemeji yangu, na mpaka leo najua hakunielewa.

Kijana_wa_Kigamboni

Samahani kaka, uliweka hela kwenye hiyo mechi? Nauliza kwa nia njema, maana kukosa usingizi mara nyingi huanzia hapo.

Baba_wa_Buffalo

Hapana ndugu yangu, hata senti. Ahsante kwa kuuliza.

Mkongomani_KC

Kaka, mimi niko Kansas City na ni wa Chiefs, kwa hiyo nakupa pole kwa heshima. Mwambie kijana kwamba hawa anaowaona wanashinda kila mwaka walichukua Super Bowl Januari 1970, halafu hawakuigusa tena hadi Februari 2020. Miaka 50. Kazini kwangu kuna mzee aliyewasubiri muda wote huo. Baba yake aliyemfundisha kuipenda timu alifariki kabla hawajashinda tena, na siku ya fainali ile alivaa koti la baba yake.

Mama_Neema

Baba, pole. Nimesoma mara mbili. Habari ya yule mzee na theluji umetueleza sisi tusiokufahamu. Mwanao umewahi kumsimulia?

Mtoto amekuuliza kwa nini ulimchagulia timu hii, na jibu unalo, umeliandika hapo juu. Nadhani yeye anadhani ulizikuta jezi dukani tu. Jezi ifue, ikunje, weka kabatini kwake, usimwambie avae. Atakapoitaka ataitoa mwenyewe, na asipoitaka pia ni mwanao.

Mzee_wa_Niagara

Mimi niko hapahapa Buffalo, nimeingia muda mrefu kabla yako. Msimulie kijana kuhusu Scott Norwood, mpiga mikwaju wa Bills enzi hizo. Januari 1991, Super Bowl ya kwanza kwa Bills, dhidi ya Giants, tuko nyuma 20–19. Sekunde za mwisho Norwood anapiga mkwaju wa yadi 47, mpira unapita kulia mwa mlingoti. Kesho yake maelfu ya watu walijaa Niagara Square, hapo mbele ya ukumbi wa jiji, wakaliita jina lake mpaka akasogea mbele kuongea. Hawakumzomea. Watu wa mji huu nilianza kuwapenda kwa habari ile.

Mpiga mikwaju Tyler Bass naye alipokosa mkwaju wa kusawazisha dhidi ya Chiefs Januari 2024, tukafungwa 27–24, wapo waliomtukana mtandaoni. Wengine wakachangia kituo cha kutunza paka alichokuwa anakiunga mkono, dola 22 kila mtu kwa sababu anavaa namba 2. Zilipita dola laki moja.

Baba_wa_Buffalo

Nawashukuru wote. Mama Neema, umenigusa. Sikuwahi kumsimulia, nilidhani anajua.

Jana jioni tulitoka kusafisha theluji mbele ya nyumba, nikamweleza habari ya yule mzee, kisha ya Norwood. Alisikiliza huku anachimba. Baadaye akasimama na sepetu lake: "Walimpa mkwaju mwingine?"

Ikabidi niingie ndani kutafuta. Walimpa. Mwaka uliofuata, fainali ya AFC (mechi ya kuwania Super Bowl, kama ile tuliyofungwa na Chiefs) na Denver, alipiga wa yadi 44 ukaingia, Bills wakashinda 10–7 na kurudi Super Bowl.

Nilipotoka kumwambia, alikuwa amemaliza kwetu na ameanza njia ya jirani. Jezi bado iko kabatini, sijamuuliza.