Ghorofa 20 kwenye nusu eka Kilimani: shida ni urefu au ni paipu?

Mwanzisha mada: Kilimani, Nairobi, ilikatwa ploti kubwa za bangalo na bustani. Sasa nusu eka inabeba mnara wa fleti 80. Wakazi wa zamani wanataka kaunti ipunguze ghorofa, wajenzi wanasema jiji halina nyumba za kutosha. Leteni hesabu, matusi yakae kando.

Fundi Pampu: Fleti 80, watu wanne kila moja, lita 100 kwa mtu: lita 32,000 kwa siku. Maji ya jiji huja kwa mgao, kwa hiyo tangi la chini lisiloshika siku tatu, karibu lita 100,000, ni la kuwafurahisha wanunuzi tu. Likikauka ni maboza matatu ya lita 10,000 kila siku, na bado hayatoshi. Visima navyo: maji ya chini ya ardhi Nairobi yana floraidi nyingi, na kila anayetoboa anawashushia wenzake kina cha maji.

Halafu presha. Kila mita 10 za kimo ni takriban baa moja, kipimo cha presha. Tangi likikaa juu ya paa, mita 60 kutoka chini, mfereji wa ghorofa ya kwanza hupokea karibu baa 6. Bila vali za kupunguza presha, mpira wa sinki hupasuka usiku wa manane, wakati hakuna anayetumia maji na presha imepanda. Fleti ya juu kabisa, iliyo chini ya tangi lenyewe, shawa inadondoka tu. Hiyo inataka pampu yake ndogo.

Mpanga Miji: Kweli tupu, lakini hayo ni makosa ya fundi, si ya urefu. Ukizuia minara, watu walewale watahamia Kitengela na Syokimau, nje ya jiji. Huko paipu ni ndefu zaidi kwa kila nyumba, na asubuhi wote wanarudi mjini kwa barabara ileile.

Fundi Pampu: Ndani ya ploti nakubali. Nje je? Bangalo la watu sita lilitoa kama lita 500 za maji taka kwa siku. Mnara hutoa 25,000, na kilele ni kati ya saa kumi na mbili na saa mbili asubuhi. Paipu ya maji taka ya barabarani ikijaa, uchafu hautokei mnarani. Hutokea kwenye shimo la ukaguzi lililo chini zaidi, kwa jirani wa bondeni. Mjenzi harufu haimfikii. Kibali kitolewe baada ya kupima paipu yote hadi laini kuu, na wajenzi wa barabara hiyo wachangie kuipanua.

Mpanga Miji: Wa kwanza alipe, wa kumi aunganishe bure?

Fundi Pampu: Kila mmoja alipe kwa idadi ya vyoo, hata akija wa kumi, wa kwanza arudishiwe sehemu yake. Bangalo lililobaki lisidaiwe kitu.