Idadi ya mahabusu ibandikwe getini?

Mtu wa Nguruka: Wakuu, kila jioni magereza yanahesabu watu kabla milango haijafungwa. Namba ziko daftarini. Kwa nini zisibandikwe getini kila mwezi: wafungwa wangapi, mahabusu wangapi, nani kapitisha mwaka "upelelezi haujakamilika", wangapi wamefariki? Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa tunayo tangu 2016.

Afande Mstaafu: Mdogo wangu, gereza si duka la kubandika bei. Huo ni usalama. Na mahabusu wa Kigoma wenyewe nusu ni Warundi, mnataka kuwahesabia nini?

Muha wa Heru Juu: NUSU? Umehesabu lini, si umesema ni siri? Ndiyo nyinyi. Juzijuzi nimeteremshwa kwenye basi kisa lafudhi, eti Mrundi, naulizwa babu yangu kazikwa wapi. Nimwonyeshe kaburi stendi?

Toto la Tabora: 😂 Hasira za nini ndugu yangu? Huku mkishuka na madumu ya mawese hatuwaulizi pasi.

Muha wa Heru Juu: Mnyamwezi nawe kaa kimya, asali yenu imejaa sukari guru.

Mtu wa Nguruka: Jamani, mada. Uwezo wa magereza yote nchini, watu 29,902, umetajwa hadharani mara ngapi? Nchi haikuanguka. Tume ya Jaji Chande ilikabidhi ripoti yake ya haki jinai 2023, tujadili hayo.

Mama Wawili: Mimi tume siijui. Nilimtafuta mwanangu siku nne. Kituoni wananiambia yuko mahakamani, mahakamani wananiambia karandinga limeshaondoka. Getini askari akapitisha kidole kwenye daftari, ukurasa una alama ya kikombe cha chai, akasema hayupo. Ugali umepoa mkononi. Kumbe alikuwa humohumo, jina la baba wameliandika mbele, lake nyuma.

Afande Mstaafu: Chai! Dada yangu, miaka yote niliyovaa gwanda sijaona chai kwenye daftari. Msituchafue.

Mtu wa Nguruka: Afande, kati ya yote hayo umeona chai tu?

Afande Mstaafu: Nimekaa gereza la Kwitanga mimi, lile la mashamba ya michikichi. Mkungu mmoja wa chikichi ukipotea unajulikana siku hiyohiyo!

Mama Wawili: Basi wangu mngemwandika kwenye daftari la michikichi.

Toto la Tabora: Afande, tukiwa bado Kwitanga, dumu la lita ishirini la mawese siku hizi shilingi ngapi?

Muha wa Heru Juu: Mwambieni alete cheti cha kuzaliwa kwanza.